Kadhi

Mvua ya vuli ilinikuta Kiponda
na fuko la zipu, vifungo, na bitana ya abaya sita za watu.
Nikajibanza mlangoni. Kumbe mlango wa mkahawa:
ngazi ya mbao, juu meza nne,
na kijana wa kwetu Pemba, Haroub, nilimjua kwa lafudhi.
"Mna nyama?" "Hatuna." "Samaki je?"
"Hapa hapaliwi chenye macho, dada.
Lakini leo yupo kadhi."

Nikacheka peke yangu.
Kadhi ninayemjua mimi ni yule wa Wete,
aliyevua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu,
akaniuliza mara tatu kama nimefikiri.
Nilikuwa nimefikiri miaka tisa.

Huyu wa Kiponda akaja ndani ya bakuli,
wa manjano, mwepesi, anafuka,
majani mawili yakimwelea kifuani na punje za haradali.
Nikaonja.
Mchachu, kisha mtamu, kisha
kitu.
Kitu nyuma ya ulimi,
kama mtu anayekuita jina lako la utotoni
chumba cha pili, ukienda humkuti.

Nikaagiza bakuli jengine. Nikaramba kijiko, mtu mzima mimi.
Mwenye mkahawa, Bi Kantaben, akanihesabia vidoleni:
mtindi, unga wa dengu, tangawizi,
uzile, uwatu, sukari ya kumhadaa mtoto tu.
"Na kile cha mwisho?"
Akafumba kiganja, akamwita Haroub atoe vyombo.

Limbani, jikoni kwangu, kadhi wa kwanza alikatika:
mabonge huku, maji kule,
kama mimi na baba Thuwaiba.
Wa pili akawa uji.
Thuwaiba akaonja, akafuta mdomo kwa mkono:
"Mama, wewe shona zipu."
Wa tatu nilimkoroga upande mmoja hadi bega likafa ganzi.
Rangi ileile. Uchachu uleule.
Kile kitu hakimo.
Nikatia karafuu, maana sisi Wapemba
tusichokijua tunakitilia karafuu;
ikawa dawa ya jino.
Nikatia mdalasini. Nikatia chumvi ya hasira.
Paka akaja, akanusa, akaenda zake kwa adabu.

Mama yangu, Bi Mize, macho hayamsaidii tena
lakini pua yake ingali na miaka ishirini.
Nilikuwa nakata bitana ile ya Kiponda miguuni pake.
Akaivuta, akaifunika usoni.
"Nguo hii imelala wapi? Inanuka mvuje."

"Mvuje?"
"Si majani ya mchuzini. Mvuje wenyewe,
ule wa duka la dawa, unaonuka kama dhambi.
Nilikufunga shingoni kwa kitambaa cheusi
tangu siku ya saba hata ukatambaa,
asije mwenye jicho akakuchukua.
Ukiunyonya. Nikikuvua, unalia."

Mzee Khelef akanifungia kipande ndani ya gazeti,
kikubwa kama gego,
akanitazama tumbo, akameza swali lake.

Mafuta yalipopata moto nikatupia chembe, kama choroko.
Kwanza ulinuka hadi Thuwaiba akakimbilia uani.
Kisha harufu ikalegea, ikakaa,
kama mtu mkali akishakuzoea.
Nikammiminia kadhi. Akalia shaaa.
Nikaonja nikiwa nimesimama,
na yule wa chumba cha pili
nikamkuta.

Ukutani sauti ya Bi Mkasi:
"Hodi huko! Nani kajifungua?"
"Hapana mtoto, shoga. Ni kadhi."
Kimya. Hata kinu chake kikasimama.
"Kadhi tena? Si mlishamalizana?"

"Lete bakuli," nikamwambia.